Naomba ushauri: wazee wa TASAF na laini wasizozijua, Urambo

Habari zenu wakubwa. Naomba msaada kwa wanaosimamia walengwa wa mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya masikini, hasa vijijini huku Tabora.

Kuna wizi wa kusajili laini za simu kwa jina la mzee bila yeye kujua, na huanzia kwenye kidole. Mzee aliyechambua tumbaku miaka mingi ana vidole vilivyosagika, mashine ya alama za vidole haimsomi upesi. Wakala wa laini asiye mwaminifu anamwambia, "Haijasoma, weka tena." Kumbe mara ya kwanza ilishasoma, na kuweka kidole mara ya pili kunasajili laini nyingine kwa namba ile ile ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Laini hiyo ndiyo hutumika kutapeli watu, na anayetafutwa ni mzee.

Kukagua ni rahisi: piga *106#, kisha fuata maelekezo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda nayo duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, ifutwe. Meseji ya tapeli itumwe 15040. Anayedai "chochote" ili jina lisikatwe kwenye orodha ya walengwa, TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) wanapokea simu 113, bure.

Ninapokwama ni hapa: wengi hawasomi, hivyo namba ya siri ya kupokelea malipo wanampa mjukuu, au wameiandika nyuma ya kadi. Mkiwaambia waifiche, wanaisahau na malipo yanakwama. Wenzangu mnafanyaje? Na yule ambaye vidole havisomi kabisa, mnamthibitishaje siku ya malipo bila kumwachia mtu mwingine mlango wa kuchukua fedha yake?