Wifi yangu amejifungua mapacha, sasa hawezi kulala chali. Je, ni uchovu wa uzazi?

BintiMorogoro
Shikamooni wakubwa. Wifi yangu, mwenye miaka 34, yumo ndani ya arobaini baada ya kujifungua mapacha. Miguu iliyovimba wakati wa ujauzito haijapungua, akitembea hadi uani anahema, na usiku hukesha ameegemea mito kwa sababu akilala chali anakohoa na kukosa pumzi. Kwenye zahanati alipewa dawa za nimonia, ingawa hana homa. Mama anasema ni uchovu tu, aendelee kukandwa kwa maji ya moto na kunywa uji. Je, tusubiri?

MkungaMstaafu
Marahaba mwanangu. Msisubiri hata kidogo. Mzazi asiyeweza kulala chali anapaswa kupimwa moyo leo hii, si arobaini ikiisha. Uko ugonjwa ambao misuli ya moyo hudhoofika mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kuugua moyo, na huwapata zaidi waliobeba mapacha, waliopata shinikizo la damu au kifafa cha mimba, na waliovuka miaka 30. Moyo ukishindwa kusukuma damu, maji hujaa mapafuni, na ndiyo maana kikohozi chake hudhaniwa kuwa nimonia. Mpelekeni hospitali kubwa, mwelezeni daktari kwamba analala ameketi, kisha ombeni kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kikionyesha kwamba moyo unasukuma chini ya asilimia 45 ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto, na hakuna sababu nyingine, matibabu yaanze mara moja.

TabibuMsaidizi
Naongezea kuhusu uji. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, waliandika kuhusu wazazi wa Kihausa waliougua hivi huku wakinywa uji wenye magadi na kulala juu ya vitanda vya udongo vilivyopashwa moto. Wataalamu hawajakubaliana kama desturi hiyo huleta ugonjwa wenyewe, lakini chumvi na magadi huzuia maji mwilini, na moyo uliochoka hauwezi mzigo huo. Kwa heshima zote kwa Mama, asimtilie magadi wala chumvi nyingi. Mwambieni daktari pia kwamba ananyonyesha, kwa kuwa enalapril, dawa ya moyo ambayo haifai kwa mjamzito, anaweza kupewa anayenyonyesha, ilhali bromokriptini, dawa nyingine ambayo huenda akapewa, hukausha maziwa.

BintiMorogoro
Asanteni sana. Kaka amepata gari, tunaondoka naye sasa. Akipona, ataweza kubeba mimba tena?

MkungaMstaafu
Wengi moyo wao hurudia nguvu, wengine ndani ya nusu mwaka, lakini ugonjwa unaweza kurudi katika mimba inayofuata. Asishike mimba kabla ya eko kurudiwa na daktari wa moyo kusema neno lake. Moyo usiporejea, hushauriwa asizae tena. Kwa sasa kijiti au kitanzi kinamfaa kuliko vidonge vyenye estrojeni, ambavyo huongeza hatari ya damu kuganda. Kaka yako naye awepo wakati wa kuelezwa hayo.