Tupeane uzoefu: uliyehama jimbo kwa sababu ya kazi ya kompyuta, yapi yalikukuta?

Mwana wa Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Leo nilikuwa natafuta waya wa printa, nikafungua boksi ambalo halijaguswa tangu tuhamie Texas, miaka mitatu na ushee. Juu kabisa nikakuta buti za theluji za binti yangu, alipokuwa na miaka minne, na ndani ya buti moja soksi bado imo. Nikakaa chini.

Nilikuwa Minnesota, Brooklyn Park, miaka saba, kazi yangu kanzidata. Siku hiyo meneja aliita kikao cha robo saa, akataka kamera zote ziwashwe. Kumbe ni kutuambia ofisi inafungwa: anayetaka kazi aende Dallas, asiyetaka achukue chake aondoke. Nikaenda. Mshahara siulalamikii, ila kuna mambo hakuna aliyeniambia. Naona wengi sasa wanaitwa ofisini na ofisi zenyewe ziko jimbo jingine, basi tupeane uzoefu. Uongo tuuache nje.

Kijiko
Nipo. Mimi nimepewa hadi Machi, kutoka Ohio kwenda jimbo la Washington. Nimeshachukua daftari.

Shemeji wa Wote
Soksi ndani ya buti. Umeniliza mkuu.

Voi Mjini
Minnesota hadi Dallas ni barabara moja, I-35, maili zaidi ya 900, mtu hawezi kupotea. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu. Nilichosahau ni kwamba ukifika Denton inagawanyika, 35E ya Dallas na 35W ya Fort Worth, vilevile inavyogawanyika kule juu, Minneapolis na St. Paul. Saa tisa usiku, watoto wamelala, nina kahawa nne tumboni, nikashika ya W. Kulikucha tukiwa Fort Worth kwenye maegesho ya duka la matairi. Hadi leo nikisema "njia naijua" mke wangu anafunga mkanda kwa sauti.

Laleni Kansas City. Msijifanye madume.

Ndama wa Houston
Kijiko achana na Washington, njoo huku. Texas hakuna kodi.

Pwani Raha
Kodi ipi hiyo isiyokuwepo? Mimi kila tarehe mosi natoa 1,850 na mwenye nyumba hata asante hasemi.

Ndama wa Houston
Nasema kodi ya mapato ya jimbo, si kodi ya nyumba! Jamani.

Mama Risiti
Washington nayo haikati kodi ya mapato kwenye mshahara, kwa hiyo kwa hilo Kijiko hapotezi kitu. Na wewe Ndama, siku ukinunua nyumba Texas uje utuhadithie kodi ya majengo. Bili yangu ya kwanza nilidhani wamekosea nukta.

Ila kilichonipiga mimi ni hisa. Nilitoka San Jose kwenda Austin nikiwa na hisa za kampuni ambazo hazijaiva, yaani nimeahidiwa lakini bado hazijawa zangu. Nikajiambia zikiivia Texas, California imenikosa. Wapi! California inahesabu siku ulizoifanyia kazi ukiwa kwake, tangu siku uliyopewa hisa hadi siku zilipoiva, na fungu lake inalichukua hata kama umeshahamia mwezini. Tunzeni ushahidi wa tarehe mliyoondoka: tiketi, mkataba wa nyumba, leseni mpya.

Ndama wa Houston
Nilijua utatuletea California yako.

Mama Risiti
Ingekuwa yangu wasingenikata.

Baba Nasra
Sikutaka kuandika, lakini mmegusa kidonda.

2022, Sacramento kwenda Dallas. Kampuni ilinipa bonasi ya kuhama, dola 10,000. Sijazishika zimeshapungua, maana tangu 2018 pesa unayopewa ya kuhama inakatwa kodi kama mshahara; zikaingia elfu saba na vichenji. Nikatafuta wabebaji mtandaoni. Nikapokelewa na dada mmoja kwenye simu, sauti ya asali, ananiuliza hadi hali ya mama watoto. Makadirio 2,900, tanguliza 700. Kumbe yule si mwenye lori, ni dalali. Mimi, mtoto wa Kariakoo, niliyekua nikirukwa na madalali kichwani, nimepigwa na dalali kwa simu!

Siku ikafika, likaja lori jeupe lisilo na jina. Vijana wawili, wastaarabu, wanavua viatu mlangoni. Wakapakia, wakafunga, wakanipa karatasi nisaini juu ya boneti. Nikasaini. Sisi tukapanda ndege na mabegi manne.

Siku ya tano simu inalia. Mzigo umezidi, sasa ni 6,400, taslimu au hundi ya benki, la sivyo unaingia ghalani na ghala unalipia wewe kwa siku. Nikapiga kwa yule dada wa asali. Namba haipo.

Siku 23 tulikaa bila vitu. Godoro la upepo lilikuwa linavuja. Kila saa nane usiku mgongo unagusa sakafu, naamka kulijaza, mama Nasra ananiangalia tu gizani hasemi kitu. Nasra alikuwa anaandika kazi za shule juu ya ndoo ya mchele. Kikao changu cha kwanza na timu mpya nilikaa chini, kompyuta juu ya sanduku la barafu, nyuma yangu ukuta mtupu. Meneja akasema amependa nyumba yangu, naonekana mtu wa vitu vichache.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja tuliyekutana msikitini, ameendesha malori maisha yake yote. Akaniuliza: makadirio waliyokupa yamefungwa au ni ya kukisia? Nikamwonyesha karatasi, ni ya kukisia. Akasema basi kwa mzigo unaovuka majimbo, sheria ya serikali kuu hairuhusu wakudai zaidi ya asilimia 110 ya makadirio ndipo washushe. Kama wana deni la halali zaidi ya hapo wakudai baadaye, lakini vitu vishuke. Nikaandika malalamiko FMCSA, wasimamizi wa malori wa serikali kuu, nikaweka na namba ya USDOT, ile ya usajili wa kampuni ya malori, iliyo ubavuni mwa lori. Namba yenyewe niliipata kwa bahati, nilikuwa nampiga picha Nasra akiaga mtaa, lori likaingia nyuma yake. Nakala nikawatumia wale jamaa.

Keshokutwa yake sauti zikabadilika. Wakaja wakashusha, nikalipa 3,190 jumla pamoja na ile 700, senti haikuzidi. Televisheni nzima. Kabati mguu hakuna. Na mbuzi ya marehemu mama, niliyotoka nayo nyumbani 2011, imekaa kwenye lori siku zote hizo, nimeitoa chuma kimepinda hivi, kama ulimi wa mtu anayekukejeli.

Shemeji wa Wote
Yaa Rabi. Pole sana Baba Nasra.

Kijana wa Eldoret
Pole mzee. Lakini ngoja kwanza. Mbuzi alikuwa ndani ya lori siku 23? Alikula nini?

Pwani Raha
😂😂 Mbuzi ya kukunia nazi, ndugu yangu! Kigoda chenye chuma.

Kijana wa Eldoret
Kwetu mbuzi ni mbuzi. Nilikuwa nishaanza kutafuta namba ya watu wa kutetea wanyama.

Lubumbashi Moja
Hata mimi nilielewa hivyo! Nikasema huyu baba iko na roho, mbuzi toka 2011 bado anaishi.

Mwana wa Chumbageni
Wakuu turudi kwenye mada.

Shemeji wa Wote
Mada sasa ni mbuzi mkuu, zoea.

Kimya Kingi
Kwa wenye H-1B, ile viza ya kazi, hili lisomeni mara mbili. Nilikuwa New Jersey, nikahamia Marietta, Georgia, kwa dada yangu. Kazi naifanyia nyumbani, kompyuta ni ileile, meneja ni yuleyule, nikaona hakuna wa kumuuliza. Mwezi wa tano watu wa utumishi wakaona anwani mpya kwenye fomu ya bima. Wakili wa kampuni akanipigia kwa ile sauti ya daktari aliyeshika majibu. Ukihama na kufanyia kazi nje ya eneo la mji lililotajwa kwenye maombi yako, mwajiri anatakiwa awasilishe maombi ya marekebisho kabla hujaanza kazi huko. Lilishawekwa wazi tangu 2015, mimi ndiye niliyekuwa gizani. Nilirudi New Jersey nikalala sebuleni kwa watu mpaka karatasi zikakaa sawa.

Halafu fomu ya AR-11 ya kubadili anwani, ndani ya siku 10, hata mwenye kadi ya kijani inamhusu. Ni bure.

Ndama wa Houston
[ameufuta ujumbe wake]

Kimya Kingi
Umefanya la maana kuufuta. Mtafute wakili kesho asubuhi.

Mama Kerubo
Mimi si mtu wa kompyuta. Mimi ndiye niliyekaa kiti cha pembeni nikiambiwa niangalie ramani. Niwaambie jambo moja, wanaume wa kompyuta: ninyi mkihama kazi yenu iko ndani ya begi. Yangu iko kwenye leseni. Ni muuguzi, leseni ilikuwa ya Minnesota, na Minnesota haimo kwenye ule mkataba wa majimbo unaomruhusu muuguzi kuvuka na leseni moja. Texas imo, lakini hiyo haikunisaidia, ilibidi niombe upya. Baba Kerubo alisema "tutashughulikia tukifika". Tulifika Novemba 2020. Hadi Februari bado niko nyumbani natazama magari.

Na makoti tulikuwa tumeuza yote, kwa sababu bwana alisema Texas hayana kazi. Februari 2021 umeme ukakatika, theluji nje, bomba la jikoni likapasuka, tukalala watano kitanda kimoja tumevaa mataulo. Nikamuuliza, hii ndiyo Texas? Akageukia ukutani.

Voi Mjini
Mama Kerubo 😂 mwonee huruma.

Mama Kerubo
Nilimwonea. Ndiyo maana bado ameolewa.

Kijiko
Sasa wadau niuze vitu au nibebe? Na mke wangu ni msaidizi wa wauguzi, si muuguzi kamili.

Voi Mjini
Uza vyote. Kochi kuukuu gharama ya kulibeba inanunua jipya.

Baba Nasra
Usiuze. Kodi lori uendeshe mwenyewe. Usimpe mtu kijiko chako.

Pwani Raha
Ajiuze tu yeye mwenyewe, amalize.

Mama Kerubo
Kijiko, msaidizi naye ana daftari la usajili la kila jimbo. Mwambie aanze kuomba leo, si mkifika. Na makoti beba.

Mtu wa Renton
Kijiko, nipo upande huo. Mimi nilifika mwezi wa tisa, mwezi wa kumi baba akafariki nyumbani. Hakuna jirani aliyenijua jina. Kule Columbus tungekuwa tumeshajaa nyumba mpaka barazani, kina mama wameshika jiko. Nilikaa na simu hadi alfajiri. Chama cha zamani ndicho kilichonichangia, ingawa nilikuwa nimeshajitoa, mwekahazina akasema jina langu bado hajalikata. Ukija niandikie, usisubiri msiba.

Kijiko
Asante kaka. Nimeandika.

Mwana wa Chumbageni
Pole ndugu. Na mimi buti nimezirudisha kwenye boksi, soksi imo humohumo. Waya wa printa sijaupata.

Baba Nasra
Kabla hamjalala, kuna aliye Dallas anayemjua fundi chuma mwenye mkono mwepesi? Nimeshajaribu kwa nyundo, ikapindia upande mwingine.

Kijana wa Eldoret
Mpeleke kwa daktari wa mifugo.