Mvule wa nyumba iliyobomolewa Ngamiani: bei ya ufundi napigaje?

Randa_Makorora:
Wakuu salaam. Mimi seremala wa hapa Makorora, Tanga, mwaka wa 19 huu nashika randa. Wiki iliyopita mama mmoja kaniletea guta zima la mbao za nyumba ya babu yake kule Ngamiani, imebomolewa kupisha ghorofa. Kenchi, fremu za milango, mbao za dari. Nikakwangua moja kwa patasi: mvule mtupu! Juu nyeusi kwa moshi na vumbi, ndani hudhurungi inang'aa kama imepakwa mafuta. Anataka kitanda sita kwa sita na kabati la nguo. "Fundi, mbao ninazo, nifanyie hesabu ya ufundi tu."

Nikampigia bei ile ile ya mbao mpya. Hapo ndipo nilipojiloga. Kijana wangu siku mbili anang'oa misumari, na iliyokula kutu ikikatikia ndani huioni tena. Nikapitisha ubao kwenye mashine, nikasikia "kacha!" Visu vyote vina pengo.

Nyie mnaofanyia kazi mbao za zamani mnatozaje? Halafu baadhi zina vitundu vidogo kama vya pini, pembeni kwenye ule weupe wa nje ya mti. Nizitupe?

Mzee_wa_Muheza:
Pole fundi. Tafuta sumaku ya spika mbovu, ipitishe taratibu juu ya kila ubao. Inaponata, piga chaki. Msumari mmoja uliosahaulika unakula faida ya kitanda kizima.

Vitundu: gonga ubao juu ya karatasi nyeupe. Ukidondoka unga mpya laini, mdudu bado yumo. Ule weupe uranda wote utoke, ndio anaoupenda. Moyo wa mvule, ile hudhurungi ya ndani, hausumbui.

Bei usipige kwa kitanda. Piga kwa siku, na siku za misumari mwambie mapema.

Kijana_Shume:
Nimecheka, samahani mkuu. Mimi niko Lushoto, tunapasua paini na mseprasi za shamba la serikali la Shume. Mti unakaa shambani miaka ishirini na ushee, ukija kwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo, msumeno wake mnene unageuza sehemu kubwa kuwa pumba. Ukipata nusu ya gogo kuwa mbao safi, mshukuru Mungu. Mabanzi yanaishia jikoni na kwenye matanuru, pumba kwa wafuga kuku.

Sasa wewe umeletewa mvule uliokauka miaka na miaka chini ya bati, haupindi wala haupasuki, unalalamikia misumari? Mvule mpya unatoka msitu wa asili, kuna kibali, kuna hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kuna geti la ukaguzi. Ila huyo mama akipeleka kabati Dar, aandikiwe barua na mwenyekiti wa mtaa inayosema mbao zimetoka wapi. Njiani wataulizwa tu.

Paleti_Chumbageni:
Mimi makochi natengeneza kwa paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo. Nasoma muhuri kwanza: HT imepashwa joto kuua wadudu, naichukua. MB imefukizwa dawa ya methili bromaidi, siigusi hata kwa kuni. Wewe mvule wako hauna muhuri lakini vaa barakoa, vumbi lake linawasha.

Randa_Makorora:
Paleti, kumbe! Siku tatu napiga chafya na mikono inawasha, nilidhani mafua na joto la Tanga.

Sumaku nimeipata kwenye redio ya marehemu mjomba. Kwenye fremu mbili tu imekamata misumari 11. Nimemwita mama aone, nikamwekea hiyo 11 kiganjani, nikamwambia siku tatu za ziada. Kaguna, kahesabu, kakubali siku mbili.

Halafu akaomba pumba za mvule akawatandikie vifaranga. Nimemkatalia, nimemwelekeza kwa jirani anayepasua paini.