Naomba ushauri: mpini wa rivolva ya mashindano

Habari zenu wakuu. Natumia Smith & Wesson 686 kwenye mashindano, na mpini wake wa mpira unanisumbua. Mpira unatuliza mkono rivolva inaporudi nyuma baada ya kufyatua, sikatai, lakini unaganda kwenye kiganja: nikishika vibaya wakati wa kuchomoa, siwezi kurekebisha mkono. Halafu zile nafasi za vidole hazilingani na vidole vyangu (sijui walipima mkono wa nani).

Nafikiria mpini wa mbao usio na nafasi za vidole, niuchonge mwenyewe kwa tupa na msasa. Nafyatua bila kukoki nyundo, kwa hiyo nataka kidole kifike kwenye kifyatuo bila kupindisha kifundo cha mkono. Upande wa kushoto juu nitapunguza zaidi, maana kile kifaa cha kujazia risasi sita kwa mpigo kinagonga hapo.

Waliowahi kuchonga: mgongo wa fremu (chuma cha nyuma ya mpini) mliuacha wazi au mliufunika? Ukifunikwa, kidole kinasogea mbali na kifyatuo, na mkono wangu ni mdogo. Na mbao ikilowa jasho, ni bora kuichora mikwaruzo au kuipaka mafuta tu?