Vanishi ya viti vya bustani inabanduka, nifanyeje?

Mama Kigamboni: Wakuu, nina benchi na viti viwili vya mninga uani, upepo wa bahari unavipiga moja kwa moja. Vanishi inabanduka kama magamba, na mbao chini yake zimegeuka kijivu. Nipake juu yake tu au nianze upya?

Seremala Mstaafu: Anza upya, dada. Vanishi mpya juu ya mbovu itabanduka nayo. Piga msasa namba 80, ukifuata nyuzi za mbao, mpaka ukijivu uishe. Malizia na 120. Futa vumbi kwa kitambaa chenye thina kidogo. Nunua vanishi ya nje, ile ya boti, yenye kinga ya jua. Ya ndani hukakamaa, mbao zikitanuka inapasuka. Mkono wa kwanza ichanganye na thina ili izame, kisha mikono mitatu bila thina, kila katikati msasa mwepesi wa 220. Na miguu jamani! Mafundi wengi huisahau. Pindua kiti, paka chini ya miguu mpaka mbao zikatae kunywa. Maji hupandia hapo.

Kijana wa Ufundi: Mimi naona prima na rangi nyeupe ya mafuta. Rangi inazuia jua kuliko vanishi.

Seremala Mstaafu: Kweli inazuia. Lakini kufunika mninga kwa rangi nyeupe? Hiyo kaipake paina.

Mama Kigamboni: Shukrani, fundi. Na mvua hizi?

Seremala Mstaafu: Ngoja mbao zikauke kabisa. Paka kivulini, umande ukishaisha.