Kuitwa polisi kwa mahojiano (Uingereza)

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu amepigiwa simu na polisi, anatakiwa kituoni Jumatatu "kutoa maelezo tu". Hajakamatwa. Aende peke yake?

*

Dada, salaam, na poleni. Asiende bila wakili.

Hata ukienda kwa hiari, mahojiano hurekodiwa, na kabla ya swali la kwanza utaonywa kwamba maneno yako yanaweza kutumika mahakamani. Wakili wa zamu kituoni ni bure, hata kama mtu ana mshahara mnono. Ampigie leo afisa aliyemwita amwambie anataka wakili huyo. Kuomba wakili si dalili ya hatia, na kama itabidi kusubiri, asubiri. Kwa kuwa hajakamatwa anaweza kuondoka, ingawa wakiona sababu wanaweza kumkamata palepale.

Kuhusu kunyamaza, wengi wetu tumefundishwa na filamu za Kimarekani. Anayo haki ya kunyamaza, lakini England na Wales, kwa sheria ya 1994, ukificha jambo kituoni kisha ukalitegemea kujitetea, mahakama inaweza kukufikiria vibaya. Ashauriwe na wakili aliyekwisha kuelezwa tuhuma, siyo na mimi wala wajomba.

Kama Kiingereza chake kinayumba aombe mkalimani, naye ni bure. Tafadhali msimpeleke jirani akatafsiri.

Linaloniuma zaidi ni vijana wetu kukubali onyo rasmi la polisi ("caution", linalotolewa badala ya kumpeleka mtu mahakamani; si lile la kabla ya mahojiano) ili tu warudi nyumbani mapema. Kulikubali ni kukiri kosa! Linabaki kwenye kumbukumbu, na kwa wanaotunza wazee au watoto, linaweza kujitokeza mwajiri anapoomba taarifa zao za jinai. Asitie saini kabla ya kuongea na wakili.

*

Naongezea kwa kaka hapo juu. Akikamatwa, ana haki ndugu mmoja ajulishwe alipo. Kwa kawaida hawezi kushikiliwa zaidi ya saa 24 bila kushtakiwa. Kwa kosa zito afisa wa ngazi ya juu anaweza kufikisha 36, na mahakama hadi 96. Aliye chini ya miaka 18 lazima awe na mtu mzima wa kumsimamia. Na walioomba hifadhi, mkikamatwa waambieni polisi hivyo: watatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji, nayo ndiyo huamua kama ubalozi wenu ujulishwe.

Walio Scotland, sheria zenu ni nyingine, ila wakili ombeni vilevile.