Ithibati ya kikosi cha askari wanyamapori: ina faida au ni makaratasi tu?

Kiongozi_Doria:
Wakuu habari zenu. Bosi katoka mkutanoni na wazo kwamba kikosi chetu kitafute ithibati, yaani kukaguliwa na watu wa nje na kuthibitishwa kwamba tunafikia viwango, kama zile wanazopewa polisi wa Marekani, na mimi ndo nimebebeshwa kazi ya kuandika ripoti. Nimeelewa kwamba inapewa taasisi, sio askari mmoja mmoja. Sasa nikisoma viwango vyenyewe naona mambo ya mjini tu, kufukuzana na magari, mahabusu, chumba cha kupokea simu za dharura. Sisi askari wawili watatu wanalala porini na mtandao hakuna. Hii kitu itatusaidia nini hasa?

Faru_Mpweke:
Mkuu, nadhani unaongelea CALEA, ile tume ya kutoa ithibati kwa vyombo vya polisi iliyoanzishwa 1979 na vyama vinne vya viongozi wa polisi huko Marekani. Ni ya hiari, mzunguko wake miaka minne. Viwango vyake mara nyingi havikwambii sera yako iandikweje, vinataka uwe na sera ya maandishi halafu uonyeshe ushahidi kwamba mnaifuata. Kama hamna mahabusu unaeleza hilo jukumu sio lenu, vipengele vyake vinawekwa kando. Ila usichanganye na Green List ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, au CA|TS, viwango vya maeneo ya chui milia, zile zinapima hifadhi na usimamizi wake kwa ujumla, hazipimi kikosi kama chombo cha dola.

MtunzaStoo:
Mimi nakujibu kutokea stoo ya vielelezo maana huko ndo faida inaonekana. Umekamata pembe, imeandikwa namba kwa maka peni, baada ya miezi maka imefifia, mtu kaandika upya kwa kukisia, fomu ya ukamataji inasema namba nyingine na uzito mwingine. Mahakamani wakili wa utetezi wala hahangaiki kubisha kama ni pembe ya tembo, anauliza tu ufunguo wa stoo siku fulani alikuwa nao nani, aliuchukua saa ngapi, kasaini wapi. Mkikosa jibu kesi inayumba na jangili anarudi zake nyumbani. Wakaguzi wa ithibati wanauliza hayohayo kabla wakili hajauliza. Nyama nayo inaoza, kwa hiyo lazima kuwe na utaratibu wa picha, sampuli na kibali cha kuiteketeza, na huo mtautunga wenyewe, msinakili wa polisi.

Mbishi_Halali:
Nyie mnaipamba sana hiyo ithibati. Cheti hakimzuii askari kumpiga mwanakijiji aliyekutwa anaokota kuni, na vyombo vyenye vyeti ukutani vinalalamikiwa kila siku. Shirikisho la kimataifa la askari wa hifadhi, IRF, pamoja na wenzao wa URSA, muungano wa mashirika yanayosaidia askari wa hifadhi, walitoa kanuni za maadili 2021, mzianze hizo, kutumia hamna ada. Na Azimio la Chitwan la 2019, la kongamano la dunia la askari wa hifadhi kule Nepal, liliongelea mpaka hali za kazi, bima na vifaa. Askari hana buti, hana bima, halafu hela inaenda kumlipa mkaguzi? Mi sioni.

Faru_Mpweke:
@Mbishi_Halali kwenye buti nakuunga mkono kabisa. Ila kanuni za maadili bila mtu wa nje wa kukagua zinabaki kwenye droo. Huyo mwanakijiji anapeleka wapi malalamiko, nani anayapokea, anajibiwa lini, ripoti ya kutumia nguvu inapitiwa na nani asiyekuwa kiongozi wa doria ileile? Ndo mambo mkaguzi anayafukua, na anaongea na watu wa nje pia.

Kiongozi_Doria:
Asanteni sana wakuu. Kwa hiyo kabla sijamwambia bosi tulipe chochote nianzie wapi? Rejista za funguo na silaha zipo, ila anayezijaza ndo huyohuyo anayetunza ghala la silaha, na ndo anayehesabu mwisho wa mwezi.

MtunzaStoo:
Umejijibu mkuu. Omba hesabu ifanywe na mtu wa kitengo kingine, tena bila taarifa, wahesabu bunduki, risasi na vielelezo vyote walinganishe na rejista. Kitakachopatikana kiweke ukurasa wa kwanza wa ripoti yako, hata kama bosi atanuna.